Kuwa Mfano Darasani: Somo la Jinsia na Mwanafunzi Atokaye Mbita

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili jambo ambalo wengi wetu tuliolisoma somo la jinsia chuoni tumelipitia, ingawa ni wachache walioliandika: hali ya mwanafunzi kuketi darasani na kusikia nyumbani kwao kukitolewa mfano. Msomaji mpendwa atanisamehe nikitumia nafsi ya kwanza. Nilijaribu kuyaandika makala haya kwa nafsi ya tatu, kama tufunzwavyo, nikaona kwamba ninajificha.

Somo lenyewe si geni katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara yake ya masomo ya wanawake na jinsia mwaka 1991, na vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vinalifundisha, ama kama shahada kamili ama kama kozi inayochukuliwa na wanafunzi wa idara nyinginezo. Mimi ni wa kundi hili la pili. Nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili na elimu, na nililichukua somo hili kwa sababu ratiba ilinilazimu, si kwa wito wowote.

Nyumbani ni Mbita, katika kaunti ya Homa Bay, mahali ambapo nchi kavu inakitazama kisiwa cha Rusinga ng'ambo ya mkondo mwembamba wa ziwa. Wasafiri wanaijua kwa feri ivukayo hadi Luanda Kotieno, na kwa kaburi la Tom Mboya lililoko Rusinga. Watu wengi wa huko ni Abasuba, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili, lakini waliosalia wakiizungumza ni wachache, kwa kuwa Kidholuo kimeshika nafasi yake. Mama yangu huuza omena, ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita dagaa. Karo yangu ilitoka katika omena hao.

Siku Mbita ilipofika darasani

Katikati ya muhula, mwenzetu mmoja aliwasilisha kazi yake kuhusu umaskini na maambukizi ya Ukimwi katika fuo za Ziwa Viktoria. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alitaja utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, ulioonyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa na virusi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Kisha akaeleza desturi ya jaboya: mvuvi mwanamume humwuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye, na mwanamke asiyekubali hurudi nyumbani na beseni tupu. Takwimu zilikuwa za kweli, na desturi hiyo ipo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonikera. Mwanafunzi mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, mbona wanawake hao hawakatai. Mwingine akajibu kwamba ni ukosefu wa elimu. Wa tatu akasema ni utamaduni. Mhadhiri naye, akitaka kuufanya mjadala uwe hai, akauliza kama darasani palikuwa na mtu atokaye pande hizo ambaye angeweza kutueleza zaidi.

Sikuinua mkono. Niliyainamisha macho kwenye daftari nikaandika tarehe ya siku ile mara mbili. Nilimfikiria mama yangu, ambaye kwa muda wa nusu saa alikuwa amegeuzwa tatizo linalotafutiwa suluhisho na watu wasiojua hata omena huvuliwa saa ngapi. Niliona haya, na nilipotoka nje niliona haya ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza.

Baadaye nilizungumza na wenzangu waliotoka sehemu nyingine, nikagundua kwamba kila mmoja alikuwa na siku yake ya namna hiyo. Wapo walioketi kimya siku ya mada ya ukeketaji, na wapo waliokaa vivyo hivyo siku ya ndoa za utotoni. Somo la jinsia huishi kwa mifano, na mifano hiyo ina watoto wake, ambao wakati mwingine wameketi safu ya tatu. Sisemi mifano isitolewe. Ninasema tu kwamba darasa lile lilikuwa na habari nyingi sana kuhusu wanawake wa ufuoni bila kuwa na swali hata moja ambalo mwanamke wa ufuoni angelitambua kuwa lake.

Haikutajwa, kwa mfano, kwamba Karachuonyo, katika kaunti hiyo hiyo, iliwakilishwa bungeni kuanzia mwaka 1980 na Phoebe Asiyo, ambaye mwaka 1997 aliwasilisha hoja ya kuongeza idadi ya wanawake katika uongozi, ikashindwa. Wala haikutajwa kwamba Mbita ilimchagua Millie Odhiambo kuwa mbunge mwaka 2013, au kwamba Homa Bay ilimchagua Gladys Wanga kuwa gavana mwaka 2022. Wanawake hawa na wale wa mabeseni hutembea ufuo mmoja, na nadharia isiyoweza kuwaeleza wote wawili ina upungufu.

Kuoa, kuolewa, na maana ya jinsia

Kabla sijaendelea na safari ya nyumbani, inafaa nieleze jambo ambalo somo hili lilinipa kwa hakika, kwani sitaki msomaji adhani kuwa ninalibeza.

Tulifundishwa kwa Kiingereza kuwa kuna dhana mbili za kutenganishwa: moja ni maumbile ya mwili, na ya pili ni nafasi ambayo jamii humgawia mtu kwa kisingizio cha maumbile hayo. Baadhi ya wataalamu wa Kiswahili hutumia jinsi kwa dhana ya kwanza na jinsia kwa ya pili. Mgawanyo huo ni mzuri, lakini katika matumizi ya kila siku nchini Kenya neno jinsia hubeba dhana zote mbili, na jinsi humjia msomaji kwanza kwa maana ya namna au njia. Kule ufuoni neno jinsia lina maana ya tatu: ni semina ya wanawake ambako hutolewa soda.

Katika mjadala wa lugha, sisi wa Kiswahili tulijigamba. Tulisema kwamba Kiingereza hulazimika kumtaja mtu kwa kiwakilishi cha kike au cha kiume, hali sisi tuna yeye tu, na Kidholuo kina en tu kwa wote wawili. Kwa hiyo lugha zetu hazibagui! Tulipigiwa makofi. Hata hivyo, usiku ule nilikumbuka kitenzi oa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa, na sentensi ikigeuzwa wasikilizaji hucheka. Katika Kidholuo nako, anayefanya tendo la nyuomo, yaani kuoa kwa kutoa mahari, ni mwanamume. Kiwakilishi hakikubagua, lakini kauli ya kutendwa ilikuwa imekwisha kuifanya kazi hiyo.

Nilipolileta suala hilo darasani, mwenzetu mmoja kutoka Migori aliinua mkono akatuambia kwamba kwao, miongoni mwa Wakuria, mwanamke anaweza kuoa. Mwanamke asiyejaaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari akamwoa msichana, na watoto wazaliwao huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Upande wa Tarime, ng'ambo ya mpaka, ndoa hiyo hujulikana kama nyumba ntobhu. Basi sentensi iliyotuchekesha ni sentensi ya kweli mwendo wa saa chache tu kutoka Mbita. Kitenzi oa hakiulizi mwili wa mtu. Kinauliza ng'ombe wametoka zizi la nani. Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya jinsi na jinsia, baada ya wiki kadhaa za kuikariri bila kuielewa.

Mwenzetu huyo hakuisifu desturi hiyo. Aliongeza kwamba yule msichana anayeolewa mara nyingi haulizwi, na kwamba mwanamke aliyeshika nafasi ya mume aweza kuwa mkali kama mume yeyote. Darasa halikupiga makofi safari hii, lakini ninaamini kwamba lilijifunza zaidi.

Wenzetu wa kiume

Wanafunzi wa kiume wengi waliliingia somo hili kama mtu anayeingia mahakamani akiwa mshtakiwa. Waliketi nyuma, wakatania, na baadhi yao wakauliza kwa nini hakuna somo la wanaume. Sitawalaumu sana, kwani katika wiki za kwanza neno mwanamume lilitajwa tu pale palipohitajika mkosaji.

Mmoja wao, mtu wa ziwani kama mimi, alibadilika siku tulipoisoma kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi; ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi. Tulikuwa tukibishana juu ya mila na sheria aliposimama akasema kwamba yeye alipobalehe alijengewa simba yake karibu na lango la boma, kama ilivyo desturi ya kijana wa Kijaluo, na hajawahi kujiuliza dada yake alijengewa nini. Kisha akasema kwamba dada yake huyo alifariki kabla ya kuolewa, akazikwa nje ya ua wa boma, kwa sababu ndivyo mila inavyotaka kwa binti asiyeolewa. Yeye ndiye aliyelichimba kaburi pamoja na vijana wengine, na wakati huo aliona ni jambo la kawaida.

Akaketi. Hakuna aliyesema kitu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zihusuzo ardhi. Kifungu hicho tulikwisha kukisoma mara nyingi. Siku ile kilikuwa na kipimo: upana wa ua mmoja.

Mama na hesabu ya omena

Nilirudi Mbita mwezi Agosti. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, kwa hiyo Agosti ni mwezi ambao ufuo huamka tena. Omena huvuliwa usiku, kwa taa zinazoelea juu ya maji kuwavuta. Usiku wa mbalamwezi kuu taa hazina nguvu na mashua hukaa nchi kavu. Asubuhi wanawake hununua kwa beseni au kwa karai, wakawaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mtaji wote huoza.

Tulikuwa tukiwageuza omena juani nilipomwuliza jaboya ni nani. Alinitazama kwa muda.

“Mwanangu, walikupeleka chuo kikuu ili uje uulize hilo?”

Nilimsimulia siku ile ya darasani. Sikumficha kwamba nilinyamaza. Alipofika kwenye swali la yule mwanafunzi, mbona wanawake hawakatai, alicheka kicheko kifupi akaniuliza, “Na mashua ni ya nani? Hilo mliulizana?”

Hatukuwa tumeulizana. Mama akanipigia hesabu akiwa amechuchumaa, akitumia kijiti mchangani. Mashua ni ya mwanamume. Nyavu ni zake. Mabaharia ni wanaume, na huipa ahadi ya samaki mikono iliyowapa kitu kabla ya safari. Mwanamke mwenye akiba hulipia mafuta ya taa au kushonwa kwa wavu jioni, na asubuhi mashua humdai yeye kwanza. Huyo hana haja ya kumbembeleza mtu. Anayebembeleza ni yule aliyefika na beseni tu. Kisha akasema jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote cha somo letu: mwezi mbaya kuliko yote ni Agosti, kwa sababu miezi minne ya kufungwa ziwa huila akiba, na wanawake hurudi ufuoni wote kwa pamoja wakiwa hawana kitu. Baada ya hapo ubaya huja na kwenda kwa kufuata mwezi wa angani.

Sheria iliyotungwa kwa ajili ya samaki, na ambayo ni ya busara kwa samaki, hugeuka kuwa jambo la jinsia pindi inapofika mchangani. Tena, si sheria pekee. Sangara, tunayemwita mbuta, alipoanza kununuliwa kwa wingi na viwanda katika miaka ya 1980, biashara ya samaki wakubwa iliwaponyoka wanawake wengi wakabakiwa na omena. Na sasa omena nao wanatafutwa na watengenezaji wa chakula cha mifugo. Utamaduni tulioutaja darasani kana kwamba ni wa kale kama ziwa una tarehe na bei.

Kwamba swali la mama ndilo swali lenyewe, linathibitishwa na yaliyotokea ufuo wa Nduru, kaunti ya Kisumu. Kuanzia mwaka 2011 wanawake wa huko walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, na biashara ya mwili ikakosa nguvu iliyokuwa ikiiendesha. Baadhi ya mashua ziliharibika bila fedha za kuzitengeneza, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika maji yaliwahamisha watu wa ufuo huo. Lakini katika miaka ile hakuna aliyehitaji kuwafundisha wanawake hao kukataa.

Swali moja sikumwuliza mama, na yeye alijua kwamba siliulizi. Tuliendelea kuwageuza omena.

Fasihi iliyokuwa rafuni

Wanafunzi wa Kiswahili tuna utajiri ambao wenzetu wa somo la jinsia hawana habari nao, na kosa ni letu. Mjane katika Kidholuo huitwa chi liel, mke wa kaburi, na anayemrithi huitwa jater. Tulilijadili suala hilo kwa makala za kigeni, ilhali tamthilia ya Natala ya Kithaka wa Mberia, ambayo mwanamke wake anakataa kurithiwa na shemeji na kukataa kuiachia hati ya shamba, ilikuwa maktabani ghorofa moja juu yetu. Ilikuwapo pia Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi, na Nguzo Mama ya Penina Muhando. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ungetosha kwa wiki nzima: wapo wausomao kama mafunzo ya utiifu kwa mume, na wapo wanaoona ndani yake mama mgonjwa akimpa binti yake mbinu za kuishi katika dunia asiyoweza kuibadilisha. Baada ya mchana ule wa Agosti, mimi ni wa kundi la pili.

Tatizo la lugha si dogo. Kuna neno la Kiingereza ambalo somo hili hulipenda mno, litajalo uwezo wa mtu kutenda kwa hiari yake hata anapobanwa. Tulijaribu kulitafsiri. Mmoja alipendekeza uwakala, na sote tukaona kibanda cha M-Pesa. Uwezo ni pana mno, hiari haitoshi. Nilipomweleza mama dhana yenyewe kwa Kidholuo, alisema kwamba hiyo ni kujua pa kukanyaga wakati ardhi si yako. Sijapata tafsiri iliyo bora zaidi, ingawa ni ndefu kwa kamusi.

Kwa maoni yangu, idara zetu za Kiswahili zinapaswa kuomba sehemu katika somo hili: wiki chache za fasihi na isimu, na ruhusa kwa atakaye kuandika insha yake kwa Kiswahili. Aidha, mhadhiri asimtafute shahidi wa kijiji darasani. Na ampe mwanafunzi nafasi ya kuja mwenyewe, kwa wakati wake, kama alivyokuja yule aliyemchimbia dada yake kaburi. Najua kutakuwa na pingamizi kwamba madarasa ni makubwa na muda ni mfupi. Pingamizi hilo lina uzito kuhusu muda; kuhusu lugha halina.

Insha yangu ya mwisho niliiandika kwa Kiingereza, kama kanuni zilivyotaka, na niliianza na mashua. Neno jaboya niliiacha bila tafsiri. Msikilizaji wa Kiswahili hulisikia boya ndani yake, na ja- ya Kidholuo humtaja mtu. Nilitaka wasomaji watambue kwamba watu wa ufuoni, walipolipa jambo hili jina, walimtaja mwanamume. Mhadhiri alilizungushia wino mwekundu neno hilo akaandika pembeni kwamba nilifafanue, kisha, kurasa mbili mbele, akaandika kwamba ameelewa. Nakala ya insha hiyo iko Mbita. Mama hasomi Kiingereza, lakini ameiweka pamoja na daftari lake la madeni ya omena.